Sahihi ya Mkono wa Kulia

Kila Jumanne, kuanzia Februari mpaka barafu ya ziwa inapoanza kupasuka, Doreen Lachance hukaa kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri la Salo Creek na kuwajazia watu ritani zao za kodi bure. Yeye ni Mkatoliki, ila kanisa lake halina hita ya kutegemewa. Watu humletea bahasha, maboksi ya viatu, hata mifuko ya dukani iliyojaa vikaratasi, naye huvipanga mezani bila kumsema mtu. Pembeni huwa pana birika la kahawa na mkate wa iliki, na kila anayesubiri hukata kipande kidogo, kisha hukata kingine kidogo zaidi ili asionekane mlafi.

Arvid Kangas na mkewe Lempi waliingia wakakung'uta theluji kwenye viatu. Lempi alikuwa ameukunja mkono wa kulia wa koti la mumewe na kuufunga kwa pini, kama kawaida. Wakakaa, wakatoa walivyokuwa navyo, na Doreen akavipitia kimoja kimoja.

"Fomu ya mshahara iko wapi?" aliuliza.

"Haikuja," Arvid alisema.

"Mwaka jana ilikuja."

"Mwaka jana kiwanda kilikuwa cha wale wa zamani. Sasa kimeuzwa. Nikiwapigia simu wapya, wananiambia hiyo ni kazi ya wa zamani. Nikiwapigia wa zamani, wananiwekea muziki."

"Na muziki wenyewe mbaya," Lempi alisema. "Ingekuwa sisi ndio tunadaiwa, wangetupata hata tukiwa saunani."

Doreen alicheka puani, akavuta fomu nyingine kutoka kwenye faili lake. Msimu ule alikuwa amekwisha kuijaza mara nyingi, kwa sababu Arvid hakuwa peke yake aliyesahauliwa wakati wa mauzo.

"Sikiliza," alisema. "Mpaka ufikie umri ambao kiwanda kingekustaafisha, haya malipo ya ulemavu tunayaandika pale pale pa mshahara. Bado hujafika, usijizeeshe. Fomu ya kiwanda haipo, basi tunajaza hii badala yake. Tunakadiria kutoka kwenye vikaratasi vya malipo ulivyonavyo. Halafu hapa chini unaeleza ulivyohangaika kuitafuta ile yenyewe."

"Hiyo nafasi ndogo," Lempi alisema.

Arvid hakuitaka ritani ile ili arudishiwe pesa. Aliitaka kwa ajili ya nyumba. Kaunti humpunguzia kodi ya nyumba mtu mwenye ulemavu, lakini kwanza inataka ione ritani iliyokamilika na kutiwa sahihi. Asingeipeleka kabla ya Aprili kufika katikati, nyumba ingepigwa mnada kiangazi kwa deni la kodi. Na nyuma ya nyumba hiyo ndipo ilipo sauna ya magogo, kibanda cha kuogea kwa mvuke, aliyoijenga babu yake Lempi. Nyumba ikienda, sauna inakwenda nayo, na mkono wa Arvid hautakuwa na mahali pa kurudi siku ya Jumamosi. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Kwa upande wa paa na kuta, alikuwa tayari kuhamia kwa dada yake.

"Sasa tuje kwenye mkono," Doreen alisema. "Bado unaenda kazini?"

"Kila Jumatatu."

"Na kadi ya zamu unagonga?"

"Unagonga."

Doreen aliweka kalamu chini, akajimiminia kahawa.

Mkono wenyewe ulikatwa na rola za mashine kubwa ya karatasi, juu kidogo ya kiwiko, Ijumaa moja mchana ambayo haikuwa na dalili yoyote ya ubaya. Jirani yao wa wakati huo, Wilho Saari, aliyekuwa zamu moja na Arvid, aliufunga kwa karatasi ya kaki iliyotoka kwenye mashine hiyo hiyo akampelekea Lempi nyumbani, huku mwenyewe Arvid amelazwa hospitali. Sasa, sisi wa huku ambao babu zetu walitoka Ufini tuna desturi yetu ya zamani. Maiti huoshwa ndani ya sauna, lakini moto wake huwa mdogo, wa kutia uvuguvugu tu, na mawe hayamwagiwi maji. Lempi alilijua hilo tangu utotoni. Lakini ilikuwa Jumamosi, na mwili wake umezoea Jumamosi. Alirundika kuni zile zile za kila wiki, akamwaga maji kwenye mawe mpaka mvuke ukajaa chumba kizima, akaulaza mkono wa mumewe kwenye benchi la juu na kuuosha kwa sabuni na matawi ya mti wa mbetula huku analia. Alipomaliza, vidole vilikuwa vimekamata kitambaa. Jumatatu mkono ukaenda kazini.

Hakuwa wa kwanza kukosea hivyo. Kiwanda kile kimekula viungo vya watu tangu enzi za babu zetu, na kina mama wa Kifini ni wale wale, ukiwapa kuni hawajui kuwasha moto wa kipimo. Wakatoliki wao huzika moja kwa moja. Mguu wa mume wa Doreen ulitangulia makaburini, baadaye mwenyewe akaufuata, na wote wawili wametulia.

Basi mkono huondoka nyumbani Jumatatu mchana, kabla zamu ya saa tisa haijaingia. Hutembea kwa vidole kandokando ya barabara, na dereva wa gari la kusukuma theluji husimama aupishe. Baridi ikizidi, Wilho huuchukua kwenye pikapu lake na kuuweka mbele karibu na hita. Wiki nzima hukaa huko huko kiwandani, kwa sababu hakuna wa kuupokea zamu. Jumamosi hurudi na vumbi jeupe la karatasi kwenye vinyweleo vyake, na huenda saunani kabla ya wenye nyumba. Humo Arvid hukaa kwenye benchi la juu na mkono humsugua mgongo, pale katikati pasipofikiwa na mkono wa kushoto. Hawazungumzi. Lakini aliwahi kumwambia Wilho kwamba katika wiki nzima hakuna saa anayojiona mtu kamili kama ile.

"Ikiwa unafanya kazi, basi una mshahara," Doreen alisema. "Na mshahara wa mkono wako ni mshahara wako. Lazima tuuandike."

"Haujawahi kuniletea hata senti."

"Basi kaulize. Nenda mwenyewe, usipige simu. Ukirudi na fomu, vizuri. Ukirudi mikono mitupu, tutaandika kwamba ulienda."

"Mkono mtupu," Lempi alisahihisha. "Mmoja."

Doreen alishika mdomo. Arvid ndiye aliyeanza kucheka, na wote waliokuwa kwenye foleni wakacheka pamoja naye.

Alhamisi yake Wilho alimpeleka kwa pikapu. Walikata ziwa juu ya barafu, wakifuata misonobari ya Krismasi ambayo watu huichomeka kila Januari kuonyesha njia. Wilho aliendesha kwa vidole vilivyombakia, mkono mmoja ukiwa hauna viwili vya mwisho. Navyo vilikwenda kiwandani miaka mingi kabla ya mkono wa Arvid, na vilikuwa vikirudi kila Jumamosi, mpaka Wilho alipouza nyumba yake akahamia fleti ya mjini yenye bomba la kuogea tu. Jumamosi ya kwanza vilikuja, vikakuta wageni kwenye sauna yake, vikageuka. Tangu siku hiyo havijaonekana.

"Ukivikuta vyangu, visalimie," alisema. "Viambie binti yangu ameolewa. Vilimlea vile, vilimfunga kamba za viatu."

"Njoo uviambie mwenyewe."

"Aa, mimi nakaa hapa na hita. Nenda wewe mwenye shida ya karatasi."

Ofisi ya mishahara ilikuwa imehamishwa. Zilibaki alama za miguu ya meza kwenye zulia na ua moja lililokauka dirishani. Arvid aliita, hakuitikiwa. Akafuata mngurumo wa mashine, akasukuma kwa bega mlango mzito ambao hakuwa ameupita tangu ajali, akaingia, akasimama hapo hapo karibu na mlango.

Mashine ilikuwa inakwenda, ndefu kuliko kanisa, na karatasi ilitoka kwenye rola za moto ikiwa nyeupe, pana, bila mkunjo hata mmoja. Hapakuwa na watu. Palikuwa na mikono. Ilikuwa mingi kuliko alivyowahi kudhani, mingine ya kizee yenye mishipa iliyotuna, mingine ya vijana, mingine viganja tu, na kila mmoja ulikuwa mahali pake. Vidole viwili vya Wilho vilikuwa mwisho kabisa, penye kisu cha kukatia, vikipapasa ukingo na kuhesabu karatasi baada ya karatasi. Juu ya beringi kubwa lilikaa sikio la marehemu Toivo Niemi, fundi mitambo, likisikiliza kama kuna kinachosaga. Mguu mmoja wenye soksi ya sufu ulikanyaga pedali, ukaachia, ukakanyaga tena. Hakuna kilichogongana na kingine. Kila kimoja kilijua mwenzake anataka nini kabla hajataka, na katika joto lile, na jua la Machi likishuka kutoka madirisha ya juu kupitia mvuke, Arvid alivua kofia kama mtu aliyechelewa ibada.

Mkono wake ulikuwa kwenye rola ile ile. Ulipokea ncha ya karatasi mbichi ikiwa bado inatetemeka, ukaipitisha kwenye uwazi mwembamba, ukajitoa kwa wakati wake. Kisha ukapokea nyingine. Ulikuwa mwepesi na mpole kuliko enzi alizokuwa nao begani. Arvid aliona fahari, na ndani ya fahari akaona uchungu, kwa kuwa katika maisha yake hakuwahi kutenda jambo zuri kiasi kile, na hata hilo hakuwa analitenda yeye. Alijiona mdogo mbele ya mkono wake mwenyewe. Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke.

Meneja alimkuta hapo hapo. Alikuwa kijana aliyetimia viungo vyote, aitwaye Garrett Pruitt, aliyeletwa na wamiliki wapya kutoka Ohio.

"Humu huingii bila helmeti, mzee," alisema, akamvisha moja.

"Nimefuata fomu yangu ya mshahara."

"Jina nani?"

"Kangas. Ule pale ni wangu."

Garrett aligeuka kuangalia. "Ooh, ule! Ule hauna mfano. Haujawahi kutusumbua hata siku moja."

"Nataka fomu yake. Au ya malipo yangu ya ulemavu. Nipe yoyote iliyopo."

"Ya ulemavu waulize waliotuuzia. Na ule hauna fomu, haumo kwenye mishahara."

"Mbona unagonga kadi?"

"Unapenda tu. Tumeuacha ugonge." Garrett alikuna shingo. "Mzee, sisi tulinunua jengo na vilivyomo. Mashine, pampu, mikono. Vyote ni mali ya kiwanda, na kila mwaka tunavishusha thamani vitabuni, kama pampu."

"Kama unafanya kazi, ulipeni."

Garrett hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Alimsogeza Arvid kando, pasipo na kelele nyingi, akainamisha kichwa.

"Nisikilize kwa faida yako. Ukisema mkono wako unafanya kazi, watu wa bima watakuuliza ulemavu uko wapi. Watakutaka urudishe kila walichokupa. Ningekuwa wewe, ningeandika kwamba mkono umepotea. Hapa hakuna atakayekubishia."

Akampa kalenda ya kiwanda, akamwonyesha njia ya kutokea. Arvid alipopita penye kisu alivipa vidole vya Wilho habari za harusi. Vilisita. Karatasi moja ikapita bila kuhesabiwa, kisha vikaendelea na kazi.

"Umeviona?" Wilho aliuliza Arvid alipopanda gari.

"Nimeviona. Nimeviambia."

"Vimechoka?"

"Hapana. Wilho, laiti ungeona. Laiti ungeingia ukaona."

"Sitaki kuona," Wilho alisema, akafuta kioo cha mbele, ambacho kilikuwa safi. 

Jumanne iliyofuata Doreen aliijaza ile nafasi ndogo kwa herufi za kubana: amepiga simu, amekwenda mwenyewe, ofisi haikuwepo. Akakadiria malipo ya ulemavu kutoka kwenye vikaratasi, akayaweka mahali pa mshahara. Mshahara wa mkono hakuuandika, maana haukuwahi kutolewa. Ikabaki karatasi ya kaunti, inayoambatana na ritani, ambayo ilitaka sentensi moja ya kiapo: kwamba mkono wa kulia wa mwenye nyumba haupo, na kwamba kwa mwaka mzima haukufanya kazi yoyote.

"Hapa siwezi kukushauri, Arvid," Doreen alisema. "Mimi najaza ninachoambiwa. Lakini mimi na wewe tunajua."

"Kiwanda kinasema si mkono. Ni pampu."

"Na wewe unasemaje?"

Arvid alikata kipande cha mkate wa iliki, asikile. "Nilipouona kule, Doreen, nilitaka kupiga magoti. Ningesimama kanisani juu hapo nikawaambia watu wote. Lakini nikiyaandika hayo, sina nyumba."

"Basi niandike haupo?"

"Andika."

Doreen akaandika. Hakumtazama. "Sahihi ni hapa. Na ilingane na ile ya miaka yote, wasije wakairudisha kama ile mara ya kwanza."

Mara hiyo ya kwanza, mwaka wa ajali, Arvid alikuwa ametia sahihi kwa mkono wa kushoto. Ikarudishwa, kwa sababu haikufanana na iliyo kwenye majalada. Toka hapo sahihi za nyumba ya Kangas hutiwa Jumamosi, na mkono wa kulia wenyewe. Hundi, kadi za rambirambi, hata kibali cha kuvua samaki, vyote husubiri Jumamosi. Ilikuwa ni jambo la kawaida kabisa, na mpaka Doreen alipomkabidhi bahasha, Arvid hakuwa amelifikiria. Alipofika nje, kwenye theluji, ndipo lilipomwingia. Mkono ndio utakaoapa kwamba haupo.

Jumamosi Lempi aliwasha sauna mapema. Mkono ulifika na vumbi lake, ukakaa kwenye kile chumba kidogo cha kuvulia nguo, mahali pa taa na ndoano za taulo. Arvid akaweka karatasi kwenye kiti na kalamu pembeni. Mkono hauna macho, lakini umeishi na karatasi maisha yake yote, na wino kwake ni kitu cha kushikika. Kidole cha shahada kilipita juu ya ritani mstari kwa mstari. Kikafika kwenye karatasi ya kaunti. Kikafika kwenye ile sentensi, kikasimama.

"Ni ya nyumba tu," Arvid alisema.

Mkono haukugusa kalamu.

"Mimi nimekuona. Nilikuja, nilisimama nyuma yako karibu na mlango, nikakutazama mpaka nikalia. Hakuna mtu aliyewahi kufanya kazi vile, si baba yangu, si mimi. Lakini nikisema hivyo, utarudi siku moja ukute wengine humu, kama vidole vya Wilho. Utamsugua nani mgongo? Na mimi nitasuguliwa na nani?"

Mkono ulilala pale pale, kiganja chini. Lempi alikuwa mlangoni na ndoo ya maji.

"Uache," alimwambia mumewe. "Hata wewe ungekasirika." Kisha akaugeukia mkono wenyewe, na sauti yake ikapungua. "Mimi ndiye niliyekuwashia moto mkali. Ningekuwa na akili siku ile ungekuwa umelala zako. Nichukie mimi, sawa. Lakini usituache."

Wakaingia ndani, maana mawe yalikuwa tayari na moto haungoji. Lempi akamwaga maji, mvuke ukapanda mpaka kwenye dari ukashuka mabegani. Mkono ulifuata baadaye kidogo, ukapanda benchi, ukashika brashi. Ukamsugua Arvid mgongo. Ulianza pale katikati, ukapanda mpaka shingoni, ukashuka mpaka kiunoni, ukarudi tena juu, bila haraka. Ulipofika kwenye kigutu cha kulia, pale ulipokuwa umeungana naye zamani, uliweka brashi chini ukapaosha kwa kiganja kitupu. Haukuwahi kufanya hivyo. Arvid alifumba macho, na Lempi akaacha kumwaga maji. Mvuke ulisimama kati yao, na wote wawili waliona hofu ile njema ya mtu aliye karibu na kitu kikubwa kuliko yeye.

Halafu mkono ulishuka, ukajikausha kwa taulo kidole kwa kidole, ukashika kalamu. Waliusikia kutoka ndani ukikwaruza. Walipotoka, jina la Arvid Kangas lilikuwa pale kwenye karatasi zote, kwa herufi za kulala alizofundishwa shule ya msingi, chini ya maneno yanayosema haupo. Wino ulikuwa haujakauka. Lempi akaupulizia.

Ritani ilipokelewa. Kaunti nayo ilikubali, ila kwa nyumba zinazoomba mara ya kwanza baada ya mauzo ya kiwanda ilitaka ofisa wake aje ajionee mwenyewe. Alikuja Jumatatu moja ya Aprili, kabla ya chakula cha mchana, barafu ikiwa imeanza kulia ziwani. Jina lake Harlan Teske, mtu mstaarabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Aliwakuta jikoni wakimenya viazi. Arvid alishikilia kiazi kwa kushoto, na mkono wa kulia, uliokuwa umesimama juu ya meza kwa kiwiko chake, ulizungusha kisu. Maganda yalitoka marefu. Bwana Teske alikaa, akasema viazi vya mwaka huu ni vizuri, akafungua mkoba wake. Mkono ukaweka kisu, ukashika birika, ukammiminia kahawa.

"Asante," aliuambia. "Sukari hapana."

Akauliza maswali machache, ambayo Arvid aliyajibu. Ajali ilitokea lini? Anavaa nguo mwenyewe? Anaendesha gari? Ameajiriwa mahali? Kisha ofisa akaegemea mbele, akautazama mkono wa shati uliofungwa kwa pini, na ule mkono uliokuwa ukisukuma kisahani cha biskuti kuelekea kwake. Akachukua biskuti moja.

"Mkono wa kulia," alisema akiandika, "hakuna."

"Hakuna," Arvid alisema.

"Na kazi haufanyi."

Lempi aligeukia sinki akaanza kuosha sufuria ambalo alikuwa amekwisha kuliosha. Arvid alijibu kwamba haufanyi.

"Hongereni. Wengi hawajazi vizuri hivi, wanakosa." Bwana Teske alifunga mkoba, akasimama, na kwa mazoea ya miaka akanyoosha mkono wa kulia kuaga. Ukapokewa. Alitikisa mara mbili tatu, akainua nyusi kwa heshima. "Nguvu hizo!" alisema. "Mkono wa mtu wa kiwandani huo." Akavaa viatu vyake akaenda kwenye nyumba iliyofuata.

Lempi alifunga mlango, akabaki ameuegemea. Nyumba ilikuwa yao. Sauna ilikuwa yao. 

Mkono haukurudi kwenye viazi. Ulikuwa umelala mezani chali, kiganja wazi, jambo ambalo hawakuwahi kuliona tangu uwashiwe moto. Arvid aliutazama.  Akaweka mkono wake wa kushoto ndani ya kile kiganja, vidole vikafunga, na akakaa hivyo, ameshikana mkono na yeye mwenyewe, mpaka kahawa ya mgeni ilipopoa na jua likahamia upande wa pili wa meza. Kisha ukajitoa taratibu, ili usimuumize, ukaenda kazini.